Corolla 110: betri haikai na chaji ingawa taa ya dashibodi inazima. Nipime wapi kabla ya kununua altaneta?

MLETA UZI (MOSHI)

Wanajukwaa, habari za kazi. Gari langu ni Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE. Siku nyingi linazunguka hapa hapa mjini, kati ya Pasua na Majengo, na mara moja moja huwa napanda nalo Arusha. Kila asubuhi stata inavuta kwa uzito kana kwamba betri imechoka, na nikiliacha tangu Ijumaa bila kuliwasha, Jumatatu halina budi kushtuliwa kwa betri ya jirani.

Taa ya betri kwenye dashibodi inawaka ninapofungua swichi na inazima mara injini inapowaka, kama inavyotakiwa. Mkanda haulii. Jambo linalonishinda kuelewa ni kwamba hata nikitoka Arusha, mwendo wa kilomita 80 hivi bila kuzima injini, asubuhi inayofuata stata ni nzito vilevile. Fundi wa kwanza aliniambia betri imekufa, nikanunua mpya, na hali haikubadilika. Fundi wa pili alichomoa waya wa hasi wa betri huku injini ikiunguruma, injini ikatetemeka bila kuzima, naye akahitimisha kwamba altaneta (mashine inayochaji betri injini ikiunguruma) ina nguvu ndogo, hivyo nitafute ya mtumba.

Ninayo mita ndogo ya kidijitali na spana namba 10 na 12. Kabla sijatoa fedha nyingine, naomba kujua ni vitu gani ninaweza kuvipima mwenyewe hapa nyumbani.

FUNDI MSTAAFU (SAKINA, ARUSHA)

Kijana wangu, kwanza usimruhusu tena mtu yeyote achomoe betri injini ikiwa inaunguruma. Kipimo hicho kilitoka zama za magari yenye dainamo na kabureta. Altaneta iliyokuwa ikisukuma ampia nyingi kwenda kwenye betri inaponyimwa betri hiyo ghafla, volti zake hupanda kwa kishindo kabla regyuleta (kidhibiti cha volti hizo) haijawahi kuzishusha, na mshtuko huo huua dayodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) za altaneta yenyewe, regyuleta, au kompyuta ya injini. Gari lako lina mfumo wa sindano za petroli unaoendeshwa na kompyuta. Una bahati kwamba limetoka salama, maana kompyuta yake ni ghali kuliko altaneta mbili za mtumba.

Pili, usinunue kitu chochote kwanza. Maelezo yako yana mambo mawili ambayo hayakai pamoja kwa urahisi: taa inazima vizuri, lakini betri haijai hata baada ya safari ndefu. Altaneta iliyokufa kweli, mara nyingi, huiacha taa ikiwaka. Kwa hiyo tupime, na tupime kwa mpangilio huu.

Asubuhi, kabla hujagusa swichi, weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20, na ugusishe ncha zake kwenye nguzo zenyewe za risasi za betri, si kwenye vibanio vinavyozishika. Betri iliyopumzika usiku kucha ikiwa imejaa itasoma 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.4 ina robo tatu hivi, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni robo. Kisha washa injini, iache kwenye silensa (mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta) na usome tena palepale. Gari la aina yako linatakiwa kuonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Baada ya hapo washa taa kubwa, feni ya hewa kwenye namba ya juu na kifuta mvuke cha kioo cha nyuma, mtu mwingine ashikilie mafuta injini ikae kwenye mizunguko 2,000 hivi, nawe usome kwa mara ya tatu. Namba isishuke chini ya 13.5.

Sasa kuna kipimo ambacho wengi hawakifanyi, nacho ndicho ninachokisubiri kwako. Mzigo wote ukiwa umewashwa, hamisha mita uende kwenye altaneta yenyewe: ncha nyekundu kwenye boliti kubwa ya nyuma inayoshika waya mnene, ile yenye kofia ya mpira, na ncha nyeusi kwenye mwili wa altaneta, mahali penye chuma kilichokwanguliwa. Boliti hiyo ina umeme wa betri moja kwa moja wakati wote, basi hakikisha ncha ya mita haigusi chuma kingine, na uvue saa na pete. Angalia pia mikono ya shati isije ikanaswa na mkanda. Niandikie namba zote nne.

MLETA UZI

Shikamoo mzee wangu, na asante kwa kutumia muda wako. Nimepima jioni hii na asubuhi ya leo. Betri ikiwa imepumzika ni 12.25. Injini kwenye silensa, bila mzigo, betri inasoma 13.5. Mzigo wote ukiwashwa, betri inasoma 12.9. Kwenye altaneta yenyewe, mzigo huohuo ukiwa umewashwa, mita inasoma 14.1. Nimerudia kipimo cha mwisho nikidhani sikugusisha vizuri, na namba ni ileile.

FUNDI MSTAAFU

Marahaba. Altaneta yako ni nzima, na hiyo ya mtumba usiende kuitafuta.

Inatoa 14.1 mlangoni kwake, lakini betri inapokea 12.9. Volti 1.2 zinapotea njiani, kama maji ya mfongo (mfereji wa kumwagilia wa Wachaga) yanayotoka mlimani mengi na kufika shambani kiasi cha kulowesha ukingo tu. Betri ya 12.9 haijai hata ukienda nayo hadi Singida na kurudi, maana ili chaji iingie kwa kasi ya maana inahitaji volti zilizo juu ya 13.8 hivi.

Kilichobaki ni kujua zinapotelea upande upi, kwa kuwa umeme una njia mbili: unakwenda kwa waya wa chanya na kurudi kwa mwili wa injini na waya wa hasi. Watu wakisikia neno waya hukumbuka ule mwekundu peke yake. Mzigo ukiwa umewashwa na injini ikiunguruma, weka ncha moja ya mita kwenye boliti ya nyuma ya altaneta na nyingine kwenye nguzo ya chanya ya betri. Hapo mita haikuonyeshi nguvu ya betri, inakuonyesha kinachopotea kati ya sehemu hizo mbili, na isizidi 0.3 hivi. Kisha weka ncha moja kwenye mwili wa altaneta na nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri. Upande huu ninapenda uwe chini ya 0.1, na 0.2 ni mwisho. Jumla ya namba hizo mbili lazima ikaribie 1.2 uliyokwisha kuipata, vinginevyo kuna ncha haikugusa vizuri.

Usijaribu kufanya kazi hii kwa kipimo cha omu, yaani cha ukinzani wa umeme. Waya mnene uliooza ndani hadi zikabaki nyuzi chache za shaba utasoma karibu sifuri kwa omu, kwa sababu mita hupitisha umeme kidogo mno wakati wa kupima, na nyuzi hizo chache zinautosha. Upitishe ampia 30 ndipo uone. Ndiyo maana tunapima umeme ukiwa unapita.

Na ongeza kipimo kimoja cha stata. Ncha moja kwenye nguzo ya hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata nawe usome. Ikizidi nusu volti, tumeshampata mwizi.

MCHANGIAJI (NJIRO, ARUSHA)

Naomba niingie hapa, na mleta uzi anisamehe. Nina RAV4 ya zamani yenye injini ya 3S, na kwangu taa ya betri inawaka wakati wote injini ikiunguruma. Nimefuata maelezo ya hapo juu: betri inasoma 12.1 na kwenye altaneta ni 12.1 pia, hata nikikanyaga mafuta. Nikifungua swichi kabla ya kuwasha, taa inawaka vizuri. Je, nami nitafute waya?

FUNDI MSTAAFU

Ndugu wa Njiro, wewe ni tofauti kabisa. Namba zikiwa sawa sehemu zote mbili na zote ziko chini, njia ni nzima lakini altaneta haitoi kitu. Hata hivyo, usiifungue kabla hujatazama mambo mawili ya nje. Kwanza mkanda: ukilegea, au ukiwa umelowa mafuta, unateleza bila hata kulia. Pili plagi ndogo ya nyuma. Altaneta nyingi za kampuni ya Denso za umri huo zina tundu tatu, kila moja na waya wake. Mmoja huleta umeme wa swichi, mwingine hutazama volti za betri, na wa tatu huenda kwenye taa ya dashibodi. Chomoa plagi, fungua swichi bila kuwasha injini, na upime kila tundu dhidi ya nguzo ya hasi. Ule wa swichi na ule wa betri lazima viwe na volti za betri. Ukikosa mmoja, fyuzi imeungua, na fyuzi ya shilingi mia chache imewahi kuwanunulisha watu altaneta.

Viwili hivyo vikiwa vizima, ninashuku brashi za kaboni, vile vipande vinavyosugua na kupeleka umeme kwenye rota, sehemu inayozunguka ndani. Jaribio la haraka ni kugonga mgongo wa altaneta taratibu kwa mpini wa bisibisi huku injini ikiunguruma na mita ikiwa kwenye betri. Volti zikiruka ghafla hadi 14 kisha zikaanguka tena, brashi zimekwisha na zinagusa kwa kubahatisha. Si tiba, maana zitakufa tena kwenye foleni ya Mbauda wakati wa mvua, ukiwa na taa na waipa.

Kazi ya kuzibadilisha inafanyika nyumbani. Ondoa waya wa hasi wa betri kwanza, kabla ya kitu chochote, kisha plagi na waya mnene, legeza mkanda na ushushe altaneta. Ukifungua kofia ya nyuma utaona kishikilia brashi kimefungwa kwa skrubu. Brashi mpya za Denso za aina hiyo hutokeza nje milimita 10.5, na zikibaki milimita 1.5 zimefika mwisho. Usizitazame brashi peke yake. Tazama pia pete mbili za shaba zinazosuguliwa na brashi hizo. Zikiwa nyeusi tu, msasa laini utazisafisha, lakini zikiwa zimechimbika mfereji unaonasa ukucha, brashi mpya hazitadumu. Hapo pima pia omu kati ya pete mbili: 2 hadi 3 hivi ni kawaida kwa altaneta nyingi za aina hii, na mita isiyoonyesha kitu ina maana waya wa rota umekatika. Kati ya pete yoyote na mhimili wa chuma pasiwe na mawasiliano kabisa.

Huku kwetu vumbi la barabara za ndani linazila brashi mapema. Wenye Hiace za dizeli za 2L na 3L wana balaa la ziada: pampu ya vakyumu ya breki imekaa mgongoni mwa altaneta na inalainishwa kwa oili ya injini, hivyo sili ikivuja oili huingia ndani na kulowesha brashi. Kwenye gari kama hilo ni lazima uzibe uvujaji kwanza, na usisahau kwamba ukikosea mabomba ya pampu hiyo breki zitakuwa ngumu.

MLETA UZI

Mzee, nimepata namba. Upande wa chanya unapoteza 0.15. Upande wa hasi unapoteza 1.05. Wakati wa kupiga stata, kati ya nguzo ya hasi na chuma cha injini mita ilipanda karibu na volti 3.

Kutoka nguzo ya hasi kuna nyaya mbili, mwembamba unaokwenda kwenye bodi na mnene unaoshuka hadi kwenye giaboksi. Nilipofuata ule mnene kwa mkono niligundua mambo mawili. Karibu na kichwa chake cha chini, ganda la plastiki lilikuwa limevimba na gumu, na nilipolipasua kwa kisu nikakuta shaba imegeuka unga wa kijani, nyuzi zinakatika kwa kuguswa tu. Na boliti inayoushika kwenye giaboksi ilikuwa imefungwa juu ya rangi ya fedha. Nakumbuka giaboksi lilishushwa mwaka jana kubadilishwa klachi, nikapewa gari likiwa linang'aa. Swali langu ni moja: kwa nini taa ya dashibodi haikuniambia kitu?

FUNDI MSTAAFU

Kwa sababu taa hiyo haipimi betri. Inategemea altaneta, na altaneta hutazama volti za betri kwa kulinganisha na mwili wake yenyewe. Hasara yako iko kati ya mwili huo na nguzo ya hasi, mahali ambapo regyuleta haioni. Kwa hesabu zake betri imeshafika 14, basi haina sababu ya kuongeza nguvu wala ya kuwasha taa. Kumbe volti moja nzima inachoma unga wa kijani.

Waya huohuo ndio njia ya kurudi ya stata, na stata hula ampia nyingi kuliko kitu kingine chochote garini. Ikinyang'anywa volti 3 lazima ivute kwa uzito, hata ukiweka betri iliyotoka dukani leo. Fundi wako wa kwanza alisikia stata nzito akasema betri, wa pili akaona injini ikitetemeka betri ilipochomolewa akasema altaneta. Hakuna hata mmoja aliyepima njia ya kurudi.

Huo waya usiuunge, utupe. Nenda duka la vifaa vya kuchomelea, ununue waya wa mashine ya kuchomelea wa milimita za mraba 25, kipande cha urefu uleule. Waya huo una nyuzi nyingi nyembamba, unajikunja kirahisi, na unavumilia mtikisiko wa injini kuliko nyaya ngumu za umeme wa nyumba ambazo baadhi ya watu huzifunga. Vichwa vya shaba vibanwe kwa koleo maalumu la kubania, na kama huna, mafundi wa betri wanalo. Kuyeyusha risasi peke yake bila kubana hakutoshi, kwa sababu kiungo hicho hupata moto wakati wa stata. Funika shingo ya kichwa kwa mpira wa kusinyaa ili unyevu usipande ndani ya ganda, maana hivyo ndivyo ule wa kwanza ulivyooza.

Kwenye giaboksi, kwangua rangi mpaka uone alumini ing'aayo, eneo lote linalokaliwa na kichwa cha waya na si tundu la boliti tu. Kaza, kisha ndipo upake grisi kwa juu. Nguzo za betri nazo zisafishe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa barabara ili maji hayo yasiingie ndani. Wakati wa kufungua betri anza na hasi, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho, ili spana ikigusa bodi pasiruke cheche.

MLETA UZI

Nimemaliza kazi jana jioni na kupima tena. Mzigo wote ukiwa umewashwa, betri inasoma 14.0 na altaneta 14.2. Upande wa hasi sasa unapoteza 0.06. Stata imebadilika sauti kabisa, injini inadaka kabla sijaachia ufunguo. Mzee wangu, Mungu akuzidishie. Je, betri hii niliyonunua bado ni nzima baada ya kukaa nusu chaji miezi yote hiyo?

FUNDI MSTAAFU

Ipeleke ikachajiwe kwa mashine usiku mzima, kwa ampia ndogo, 4 au 5 hivi. Usitegemee altaneta kuijaza betri iliyokaa nusu kwa muda mrefu, kwani safari za Pasua na Majengo ni fupi mno kwa kazi hiyo. Kama ni ya kuongeza maji, fungua vifuniko na uhakikishe bamba zimefunikwa. Ongeza maji ya betri yaliyotoneshwa tu, asidi usiongeze. Chumba cha kuchajia kiwe na hewa, na sigara ikae mbali, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni.

Baada ya hapo iache ipumzike usiku mmoja bila kuunganishwa na kitu. Ikibaki 12.6 asubuhi, ina afya ya kutosha. Ikianguka hadi 12.2 yenyewe, bamba zimeshaota salfati na hakuna mashine itakayozirudisha kikamilifu.

MCHANGIAJI (NJIRO)

Nami nilete matokeo. Fyuzi zilikuwa nzima. Nilipogonga altaneta kwa mpini wa bisibisi volti zilipanda hadi 14.2 kwa muda mfupi kisha zikaanguka. Brashi moja ilikuwa imebaki kama punje ya mchele. Nimeweka mpya na taa imezima. Lakini gari hili lina king'ora na kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa na aliyekuwa nalo kabla yangu, na nikiliacha siku tatu betri inashuka. Nitajuaje kama ni hivyo vifaa au ni altaneta?

FUNDI MSTAAFU

Anza na mkono wako. Gari likiwa limelala usiku kucha, asubuhi gusa mwili wa altaneta. Ukiukuta una uvuguvugu ilhali injini imepoa, dayodi zinavujisha umeme wa betri kurudi ndani. Njia nyingine ni kuweka mita kwenye volti za AC, injini ikiunguruma na taa zikiwaka, na kupima kwenye betri. Ikizidi nusu volti, dayodi ina kasoro.

Kama altaneta ni baridi na AC ni ndogo, pima mvujo. Zima kila kitu, funga milango, ondoa ufunguo. Hamisha waya wa mita kwenye tundu la ampia 10, legeza kibanio cha hasi, na uiweke mita kati ya kibanio na nguzo. Usipige stata wala kufungua swichi mita ikiwa hapo, utaiunguza. Subiri hadi nusu saa vifaa vyote vilale, kisha usome. Chini ya miliampia 50 ni kawaida. Ukikuta 300, fanya hesabu: 0.3 mara saa 24 ni ampia-saa 7.2 kwa siku, na kwa siku tatu ni karibu 22, yaani nusu ya betri ya ampia-saa 45. Hiyo inalingana kabisa na unachokieleza.

Ukishajua kiasi, chomoa fyuzi moja moja huku ukitazama mita, hadi namba ianguke. Vifaa vya kufungwa mtaani, hata hivyo, mara nyingi huunganishwa moja kwa moja na betri au na swichi bila kupitia kisanduku cha fyuzi, kwa hiyo fyuzi zote zikiisha na namba haijashuka, fuata kila waya mwembamba usio wa kiwandani unaoanzia nguzo ya chanya. Ukikuta wa kifaa hicho hauna fyuzi yake karibu na betri, uwekee ya ampia 3 kabla hujafanya jambo lingine lolote.